Shangazi Aliyelifunga Dirisha

Ifikapo tarehe thelathini ya mwezi huu, Ofisi ya Misaada ya Masomo itaagana na mtumishi wake wa miaka thelathini na minne. Jina lake kamili limeandikwa mlangoni, lakini wanafunzi, wapishi wa bwalo, walinzi wa getini na hata Makamu Mkuu wa Chuo humwita Shangazi. Ukimwita kwa jina la mlangoni anageuka kutazama nani ameitwa.

Chuo chetu ni ghali, na hilo halina kificho. Ada ya mwaka mmoja ingeweza kumwezekea mtu nyumba. Lakini anayefaulu mtihani wa kuingia halipi bei iliyobandikwa ukutani. Hulipa kwa kadiri ya kipato cha nyumbani kwao. Mwenye nacho hulipa yote, mwenye kidogo hulipa kidogo, na asiye nacho halipi kitu. Kazi ya Shangazi ilikuwa kukaa na wazazi na kuwauliza jambo ambalo hata ndugu hawaulizani: nyumbani kwenu mnapata nini, na mnakipataje?

Si swali jepesi. Wapo wazazi waliokuja na viatu vya kuazima ili waonekane wanazo, na wapo waliovua saa mlangoni ili waonekane hawana. Wote aliwapa kiti kile kile na chai ile ile. Mzee akianza kuzungukazunguka, Shangazi alimkumbusha kwa heshima zote kwamba mficha uchi hazai. Mzee angecheka, mkewe angecheka zaidi, na ukweli ungetoka. Aliyoyasikia humo hayakuvuka mlango. Aibu ya maiti aijuaye mwosha, na mwosha wetu alikuwa na kifua.

Alianzia dirishani. Siku zile wanafunzi wa msaada walikuwa na dirisha lao, lililotazamana na mlango wa bwalo. Kila mwezi walipanga foleni pale kuchukua kuponi za chakula, huku wenzao wakipita na sahani mkononi. Foleni ile ilikuwa na jina la utani ambalo hatutaliandika humu.

Siku moja akaja fundi wa kuchomelea vyuma, kafuatana na bintiye wa mwaka wa kwanza wa udaktari. Binti alikuwa ameacha kwenda bwaloni. Alikula mkate chumbani mpaka ukaisha, ndipo akampigia baba yake simu. Yule baba hakuja kugomba. Alisema kwa upole kwamba amekuja kushukuru na kumchukua mwanawe, kwani hakumlea ili akaanikwe mbele za watu.

Shangazi akatoka dirishani, akawaingiza ndani, akawakalisha. Akamuuliza mgeni wake habari za kazi, naye akamweleza kuwa hutengeneza mageti.

"Tajiri na jirani yako mjane wakitaka geti, unawatoza bei moja?"

"Hapana. Yule mama hutoa alichonacho."

"Basi yeye ni ombaomba?"

Fundi alivitazama vidole vyake vyenye makovu ya moto. "Si ombaomba," akasema. "Lakini mimi simsimamishi barabarani watu wamwone akilipa."

Shangazi alimwomba tu amwachie binti kwa muda, naye baba, baada ya kumtazama mwanawe, akakubali.

Shangazi alipoomba dirisha lifungwe, Mkurugenzi wa wakati huo alimwambia kwamba dirisha limekuwapo tangu chuo kuanzishwa na kwamba chumba kingine hakuna. Chumba kilikuwapo: stoo nyuma ya ofisi, imejaa viti vibovu. Jumamosi Shangazi, mama wa usafi na seremala wa chuo wakaimaliza kazi. Viti vikapigwa misumari, sakafu ikadekiwa. Jumatatu dirisha likafungwa, na tangazo likawaelekeza wanafunzi wapite mlango wa nyuma, mmoja mmoja.

Mkurugenzi aliona amedharauliwa. Kabla wiki haijaisha, Shangazi alihamishiwa masjala, chini kabisa, kupanga majalada. Alikaa huko karibu miaka miwili, na cheo alichokuwa akikitarajia kikapita pembeni. Mumewe alimuuliza kama dirisha lilistahili gharama hiyo. Alimjibu kwamba hajui, ila angalau sasa analala.

Aliyewekwa mahali pake ni mimi ninayeandika wasifu huu. Nilikikuta chumba safi, wanafunzi wamekizoea, na sikuona sababu ya kulifungua tena lile dirisha. Binti wa fundi alirudi bwaloni, akasoma, akahitimu. Mkurugenzi mpya alipoingia, ombi la kwanza la wanafunzi lilikuwa Shangazi arudishwe. Alirudi, na hatimaye akawa mkuu wa kitengo, kwa hiyo nikawa chini yake. Sijapata kuona bosi anayechemsha chai ya wasaidizi wake.

Katika uongozi wake kuponi zilifutwa. Leo kila mwanafunzi, wa tajiri na wa maskini, ana kadi moja ya bwaloni. Pia aliishawishi bodi kwamba familia zijulishwe zitakacholipa kabla ya mtihani, si baada yake, kwa maana wengi wenye akili walikuwa wakiiogopa bei ya ukutani na kutojaribu kabisa. Alizunguka shule hadi shule akilisema hilo, mpaka sauti ikamkauka.

Hakushinda yote. Kijana mmoja wa uhandisi, mshahara wa baba yake ulipanda kidogo tu juu ya kiwango cha kupata msaada, mwaka ule ule mama yake alipoanza matibabu ya figo. Kamati ilishika kanuni. Shangazi alimtetea kijana mpaka akaambiwa aketi. Kijana alipoondoka, alimbebea begi la vitabu hadi getini. Mwaka uliofuata kanuni ilibadilishwa, gharama za ugonjwa zikaanza kuhesabiwa, lakini yule kijana alikuwa ameshapata kazi kwenye duka la vipuri na hakurudi. Mtu akiyasifu mabadiliko hayo mbele ya Shangazi, yeye hubadili mazungumzo.

Sasa anakwenda kupumzika. Anasema atalala mpaka jua ligonge pazia, atawaharibu wajukuu kwa kuwadekeza, na atajifunza kuogelea, jambo ambalo mumewe anadai ataliamini akiliona. Chumba cha nyuma tumekipaka rangi. Viti amekataa tuvibadilishe.

Tumemshauri pia abadilishe namba ya simu, wazazi wasije wakamsumbua. Amekataa vilevile. Amesema matokeo ya mtihani wa kuingia yanatoka wiki ijayo, na kuna watu hawatapata usingizi.

Ahsante, Shangazi, kwa niaba ya wote uliowakalisha kabla ya kuwauliza. Nenda salama, afya ikuandame, na mlangoni pako pasikose wa kupiga hodi.