Mama Nukta, Aliyerudi Daima Kwenye Alama za Mwanzo

Baada ya miaka thelathini na minne ya kazi, karani wetu wa masjala anastaafu Ijumaa hii, tarehe 30 Juni. Jina lake la kwenye barua ya ajira wanalijua wachache. Sisi wengine, kuanzia mkuu wa shule hadi mlinzi wa getini, tunamwita Mama Nukta, kwa sababu hajawahi kukubali nukta ya desimali iachwe njiani.

Nimeombwa niandike mimi, ingawa ndimi mdogo wa ofisi na nina miaka minne tu hapa. Wapo wanaojua kuandika kunizidi. Nimekubali kwa sababu nina ndoa ya wiki sita, ndoa tamu ambayo bado inanifanya nitabasamu peke yangu nikipanda ngazi, na bila mama huyu nisingekuwa nayo. Nitafika huko.

Aliajiriwa akiwa msichana wa kupiga chapa. Masjala ilikuwa chumba hikihiki juu ya ngazi, chenye dirisha la nondo na makabati mawili ya chuma, moja halifungi mpaka ulipige teke. Mwaka wa tatu alikabidhiwa kazi ambayo kila mtu aliikwepa: kugeuza wastani wenye uzito kuwa asilimia ya kawaida.

Kwa wageni wetu, nieleze kidogo. Shule yetu huyapa masomo uzito. Alama za hisabati na fizikia huhesabiwa mara tatu, za lugha na historia mara mbili, za uchoraji na muziki mara moja. Vyuo vingi havitaki mzani wetu. Vinataka masomo yote yalingane, jumla igawanywe kwa idadi yake, basi. Wengi hudhani ipo njia ya mkato ya kutoka wastani mmoja kwenda mwingine. Haipo. Mama Nukta hutuambia kwamba wastani ni chai iliyokwisha kukorogwa, huwezi kuitoa sukari kwa kijiko. Lazima urudi kwenye leja, uchukue alama ya kila somo kabla haijazidishwa, uanze upya.

Yeye alirudi kwenye leja kwa kila mwanafunzi. Aliweka rula yake ya mbao chini ya mstari, akajumlisha kutoka juu kwenda chini, kisha kutoka chini kwenda juu. Majibu yakipishana, alianza tena. Dereva wa shule alimtania kwamba hata ngazi anazihesabu akipanda na akishuka. Alijibu kwamba ziko kumi na saba, ya tisa imelegea, na angependa kujua nani mwingine ameshatoa taarifa.

Lakini wasifu wake haujakamilika bila fomu moja ya miaka kumi na miwili iliyopita. Ilikuwa ya mwanawe wa pekee, aliyeomba chuo cha afya. Kijana alikuwa hodari wa hisabati na fizikia, na kwa mzani wetu alikuwa na sabini na sita. Chuo kilitaka sabini na tano, masomo yakilingana. Mama yake akafungua leja, akaweka rula, akajumlisha juu chini, chini juu. Ikatoka sabini na tatu.

Mwalimu wa taaluma wa wakati huo, ambaye sasa ni mkuu wetu, anakumbuka kwamba mtu mmoja alimwambia kwa upole kwamba sabini na sita nayo ni alama halali ya shule, aiandike tu, nani atauliza. Jibu lake bado linasimuliwa kwenye chumba cha walimu: "Nikimwongezea wa kwangu, wa kwenu nitamwandikia nini?"

Akaandika sabini na tatu, akapiga mhuri. Kijana alikosa nafasi. Alirudia mitihani ya masomo mawili, akaingia chuo kingine mwaka uliofuata, na katika miezi hiyo hakuzungumza na mama yake ila salamu. Mama Nukta hakukosa kazini hata siku moja. Aliyekaa naye meza moja anasema tu kwamba siku hizo alikuwa akijumlisha mara tatu.

Sasa nifike kwangu. Mwezi wangu wa pili hapa, Mama Nukta akiwa likizo, nilijaza fomu ya msichana aliyeomba uuguzi katika chuo kilekile kilichomkataa mwanawe. Fomu ilisema asilimia, nami nikaona asilimia kwenye safu ya wastani, nikanakili: sabini na tatu. Nikajisifu kwa wepesi wangu.

Siku kumi baadaye msichana alisimama dirishani na barua ya kukataliwa, imekunjwa mara nne. Hakupaza sauti. Aliuliza tu kama muziki nao huwa unahesabiwa. Nilimwangalia hadi nikasahau kumkaribisha. Mama Nukta, aliyekuwa amerudi asubuhi ile, akafungua leja. Hisabati sitini, fizikia sitini na mbili, lugha themanini, historia themanini na tano, uchoraji tisini na moja, muziki tisini. Jumla mia nne sitini na nane. Kwa masomo sita, sabini na nane.

Orodha ya chuo ilikuwa inafungwa siku ileile saa kumi. Aliandika barua mpya, na ndani yake sentensi fupi, kwamba kosa limetoka masjala, akatia sahihi yake. Nilipomnong'oneza kwamba kosa ni langu, alisema masjala ina mhuri mmoja. Mkuu alituruhusu kutoka na leja. Tulikwenda watatu, leja imefungwa kwenye kitambaa kama mtoto mchanga.

Msajili wa chuo alituambia wazi kwamba siku ya mwisho kila mtu huja na barua yenye alama kubwa zaidi. Hakutaka kufungua leja. Msichana alianza kuikunja tena ile barua yake. Kisha msajili akaangalia sahihi, akavua miwani, akaangalia tena. Alikumbuka fomu moja ya zamani, ambayo jina la mzazi na la karani lilikuwa moja.

"Huyu ndiye aliyemwandikia mwanawe sabini na tatu," alimwambia msaidizi wake. "Lete orodha."

Kesho yake Mama Nukta alinipa rula, akanirudishia fomu zote nilizojaza yeye akiwa likizo, nianze upya, juu chini, chini juu. Hakunikemea. Nilipata makosa mengine mawili, tukayawahi.

Msichana yule sasa ni muuguzi, na ni mke wangu, uzuri wa nyumba yangu. Siku ya arusi Mama Nukta alikaa mstari wa mbele na mwanawe, ambaye ni fundi wa maabara katika hospitali anakofanya kazi mke wangu. Ijumaa ndiye atakayekuja kumchukua mama yake, na ameomba yeye mwenyewe ambebee mizigo.

Rula ameiacha kwenye droo yangu. Kuanzia Jumatatu nitajumlisha bila mtu wa kunitazama begani, kwa hiyo nitajumlisha mara tatu.

Mama yetu, asante kwa watoto wote ambao hawakujua kwamba ulirudi kwenye alama zao za mwanzo. Nenda ukapumzike. Tunakuombea maisha marefu na mema, na kila siku yako iwe na uzito sawa na nyingine, asubuhi hadi jioni, bila hata moja kupunguzwa.