Glavu ya Pete Elfu Mbili

Jumapili alasiri, kwenye benchi letu nje ya duka la kinyozi, nilimkabidhi shemeji yangu glavu ya chuma niliyoisuka nyumbani kwa miezi mitatu. Waya nimeuzungusha kwenye msumari mnene, nimekata pete mojamoja, kila pete nikaipitisha ndani ya nyingine nne na kuifumba kwa koleo. Sikufundishwa na mtu. Shemeji anakata nyama buchani. Kisu kimeshamla ncha ya kidole, na bosi wake amesema kesho asubuhi aje na kinga, la sivyo gogo la kukatia nyama anapewa mwingine. Kinyozi, tunayemwita Ushahidi kwa kuwa hakuna asichowahi kukiona, alikuwa anamimina kahawa. Sentimita, fundi mwashi, alikuwa ameshaanza kukagua.

Shemeji akaivaa mkono wa kulia. Ikamkaa kama ngozi yake.

— Kisu unashika mkono gani? Sentimita akauliza.

— Huuhuu.

— Na kidole kilichokatwa?

Shemeji akainua mkono wa kushoto.

Benchi zima likanigeukia. Mimi kuficha sijui.

— Siku ya kupima, kushoto kulikuwa na bendeji. Nikapima wa kulia, ulio mzima.

— Na wewe shemeji mtu, ukanyoosha tu? Sentimita akamgeukia.

— Fundi akisema lete mkono, utaleta mguu?

— Fundi hajakosea, Ushahidi akadakia. Wahenga walisema chanda chema huvikwa pete. Cha kushoto ni kibovu, kitavikwaje?

— Acha wahenga, Sentimita akasema. Akate kwa kushoto, basi.

— Kuanzia kesho? shemeji akauliza.

— Nimefanya kazi na mwashi aliyepiga plasta kwa kiwiko. Ghorofa mbili.

— Mimi nilimwona, Ushahidi akasema. Ila dawa ni kioo. Atundike kioo juu ya gogo, akate huku anajitazama. Kwenye kioo, kulia ni kushoto.

— Na nyama?

— Nayo itageuka. Ng'ombe hajui.

— Au avae hivyohivyo, Sentimita akasema. Chuma na chuma ni ndugu, kisu kitamwonea haya.

— Ndugu? Wanaouana kila siku ni nani?

Shemeji hakucheka. Alikuwa anakitazama kile kidole kifupi.

Hasira zikanipanda. Sipendi kazi yangu kufanywa kichekesho, na sipendi kumpa mtu kitu kisichomfaa.

— Lete hapa! Naifumua, naanza upya!

— Ukitaka cha mvunguni sharti uiname, Ushahidi akanitia moyo, sijui kwa lipi.

Nikaanzia kidole gumba. Pete zikawa zinadondoka benchini kama mchele. Gumba lote lilikuwa limeshakwisha mshonaji wa duka la pili alipokuja na kikombe chake kuomba kahawa. Akaisikiliza kesi yote amesimama, halafu akaichukua glavu, akailaza gotini, akaipindua kama anavyogeuza kitambaa, upande wa kiganja ukawa wa mgongo.

— Haya kaka, lete mkono wa kushoto.

Shemeji akauingiza. Vidole vinne vikaingia sawasawa, na kile kifupi kikapotea ndani ya chuma. Gumba likabaki nje, uchi, linatutazama sote.

— Inaingia kotekote, mshonaji akasema. Sasa hili gumba mmelifumua kwa nini?

Ushahidi, aliyeona kila kitu, akainama kuchungulia ndani ya birika.