Mashine Tano za Sebuleni: Wasifu wa Marehemu Fundi Pampu

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Fundi Pampu, alizaliwa tarehe 9 Machi 1957, mtoto wa tatu wa mshonaji na muuza mkaa. Alikuwa mtoto mkimya mwenye mikono isiyotulia.

Alisoma shule za karibu na nyumbani, kisha akasomea umeme katika chuo cha ufundi na kuhitimu mwaka 1979. Walimu walimlalamikia jambo moja tu, kwamba maswali yake yalikuwa hayaishi.

Mwaka 1981 aliajiriwa na idara ya maji, kwenye nyumba ya pampu yenye sakafu iliyolowa mwaka mzima. Huko kompyuta moja ilifungua na kufunga mabomba, na kupima dawa ya kusafishia maji. Ilipokufa mwaka 2009, waliotengeneza programu yake walikuwa wameshafunga biashara. Fundi akainakili diski yake na kuipeleka nyumbani, ndani ya kompyuta yake iliyoendeshwa na programu ya Linux. Ikawa mashine pepe, yaani kompyuta isiyo na mwili, inayoishi ndani ya nyingine, na kwa njia ya mtandao ikaendelea kuziamuru pampu. "Ni ya muda tu," aliwaambia wakubwa zake. Wakampigia makofi, wakasahau. Fundi alistaafu mwaka 2017, mashine haikustaafu.

Alifunga ndoa mwaka 1985 na muuguzi, wakajaliwa binti mmoja. Mkewe aliizoea ile kompyuta ya sebuleni kwa shingo upande. "Mke mwenza wangu hali wala havai," aliwaambia mashoga zake, "lakini umeme haututoshi sote, hakuna ruhusa ya kupiga pasi mpaka aulizwe yeye kwanza."

Siku moja Fundi alimweleza: "Ile ya ndani haijui kama iko ndani ya nyingine. Inadhani bado iko kazini."

"Na siku wewe ukiwa hupo?"

Fundi alicheka, akaomba chai.

Mwaka juzi alianza kusahau. Kwanza yalimpotea majina, halafu njia ya kutoka dukani. Hofu yake kubwa ilikuwa kuiharibu mashine, kwa hiyo kila alipotaka kuigusa alitengeneza kwanza nakala yake, kama ilivyo kawaida ya mafundi makini. Ila sasa nakala aliiwasha na kusahau kuizima. Zikafika tano, zote zikionyesha namba zile zile, na kila moja ikiamini kwamba yenyewe ndiyo inayoendesha maji ya mji. Binti yake, fundi cherehani, alifunga duka lake akaja kukaa naye ili ajifunze.

"Baba, ipi ndiyo yenyewe?"

Alizihesabu kwa kidole mara mbili. "Jana nilikuwa najua, mwanangu," akasema, akalia. Hakuna aliyewahi kumwona akilia kabla ya hapo, na wote nyumbani waliogopa.

Aliaga dunia nyumbani tarehe 2 Juni, mkewe akiwa amemshika mkono.

Msimamizi wa sasa wa idara alikuja kutoa pole, na binti akamwonyesha kioo cha kompyuta.

"Zima moja moja, tuone," msimamizi akasema.

"Tuone nini, mji ukikosa maji?" binti akamuuliza. Msimamizi akaomba aonyeshwe mlango.

Yanayofuata hayamo kwenye karatasi mlizoshika, maana zilichapwa jana. Asubuhi hii mashine moja kati ya zile tano imezimika yenyewe. Maji bado yanatoka. Lakini watu wa nyumba ya pampu wamepiga simu, wanasema hawajui kama dawa inaingia, haiingii, au inaingia kupita kiasi.

Marehemu ameacha mjane, binti, mkwe na wajukuu wawili. Wengi wenu mmeuliza kwa nini binti hayupo hapa kaburini. Hakugombana na mtu, na haumwi. Yuko sebuleni, mbele ya zile nne zilizobaki, kwa sababu hakuna mwingine aliyekubali kukaa pale. Familia inawashukuru kwa kuja kwenu, na inawaomba maji ya bomba msiyanywe, wala msiwape watoto, mpaka yeye atume neno.

Fundi na alale kwa utulivu. Zamu yake imekwisha, na mwanawe ameipokea peke yake.