Uzi wa Susu Kamanthe

Wasikilizaji wapendwa, Ijumaa iliyopita tulimzika Kamanthe pale Mitaboni. Kamanthe, mlezi wa watoto. Alikuwa na miaka sabini na mmoja. Hakuwa na cheo, na hakuwahi kuhutubia mkutano wowote. Alilea watoto wa watu kwa miaka ishirini, katika chumba kimoja nyuma ya mashine ya posho, ile ya kusaga mahindi. Miaka ishirini, chumba kimoja. Watoto walimwita Susu, yaani bibi. Na sisi mama zao tukamwita hivyo hivyo.

Tulimwachia watoto asubuhi, sisi wa ofisini na wale wa kuuza mboga sokoni. Tulimkuta kwenye kigoda chake mlangoni, watoto mkekani, bonge la uzi wa katani pajani. Alisuka viondo, vikapu vya katani. Alisuka kwa mkono wa kushoto, na mkono huo haukupumzika.

"Watu husema mtoto mchanga hajui kitu," alikuwa akituambia. "Aiya! Anakujua kuliko bwanako. Ukijifunga leso ya kwenda mtoni, anaendelea kucheza. Ukishika mkoba wa kazi, analia kabla hujafika mlangoni. Nani amemwambia unaenda wapi?"

Tulicheka, tukakimbilia kazi.

Alikuwa na kipimo chake. Bonge la uzi likimponyoka na kubingirika, mtoto wa mwaka mmoja na kitu alilifuata, akalileta, akamwekea kwenye ule mkono wa kushoto. Lakini Kamanthe akilitupa mwenyewe makusudi, mtoto yule yule alimtazama tu. Hakulileta. Binti yake Nthambi aliniambia hivi matangani: "Mama alisema mtoto haangalii mkono umefanya nini. Anaangalia moyo ulitaka nini."

Sasa nifike panaponiuma.

Mwaka 1996, mwanangu Titus alikuwa na miezi kumi na sita. Ukimwita, hageuki. Ukimkataza, anaendelea. Mama mkwe wangu alisema ni mkaidi. Jirani alisema akili yake ni nzito. Mimi niliamini ukaidi, kwa sababu ukaidi unatibika kwa kofi. Nilimchapa vidole. Mtoto wa miezi kumi na sita.

Jioni moja nilipokwenda kumchukua, Kamanthe aliniambia, "Mama Titus, kaa hapo. Usiongee."

Akaachia bonge liteleze kutoka pajani, akanyoosha mkono kana kwamba anajaribu kulidaka. Titus aliliona, akalikimbilia kwa vile vihatua vyake, akamletea. Kamanthe akalichukua, akalitupa kwa nguvu ukutani. Titus akacheka, akabaki pale pale.

"Umeona? Ako na akili huyu. Amejua ya kwanza ni bahati mbaya, ya pili ni mimi nimetaka."

"Basi kwa nini hanitii?"

Kamanthe alitega sikio kuelekea mashine. Alingoja. Kule mbele mashine ya posho ikawashwa. Ngurumo yake ikajaa chumba kizima. Mtoto mmoja aliyekuwa amelala alishtuka akalia, wengine wakageukia ukuta wa upande wa mashine. Titus alikuwa amewapa mgongo, anachezea kifuniko cha sufuria. Hakugeuka. Kisha akamwona yule anayelia, na ndipo naye akatazama ukuta.

"Masikio, mama," Kamanthe alisema polepole. "Hasikii. Mpeleke apimwe."

Wasikilizaji wapendwa, nilikuwa na diploma. Nilikuwa na ofisi. Na huyu hakumaliza hata darasa la nne. Nilisimama. Nikamwambia, "Unamwita mwanangu kiziwi? Wewe ni daktari wa wapi?"

"Mimi si daktari. Mimi ninamwangalia tu."

Nilimbeba Titus nikaondoka, na sikumrudisha. Nilimpeleka kwa mlezi mwingine. Nilipita mbele ya mashine ile kila siku nikiangalia upande wa pili wa barabara.

Miaka miwili. Nitarudia: miaka miwili. Mtoto aliyekuwa anasoma mioyo yetu sote, mimi nilimwita kichwa ngumu na kumzaba makofi. Alipopimwa hatimaye, mwaka 1998, tuliambiwa hakuwahi kusikia tangu kuzaliwa. Daktari aliuliza kwa nini tumechelewa.

Nilirudi kwa Kamanthe nikiwa na Titus, kilo mbili za sukari na maneno niliyoyapanga njia nzima. Hakunipa nafasi ya kuyasema. Alimwona Titus, akaachia bonge likaanguka. Titus akaliokota, akalileta. "Ananikumbuka," Kamanthe alisema. Kisha akaniambia, "Weka sukari hapo, uji unaungua."

Tangu siku hiyo waliongea kwa mikono, ishara walizobuni wenyewe, mpaka Titus alipopata shule ya viziwi. Likizo zote alikuwa kwake. Mimi nilizoea. Nikajiambia, neno la kuomba msamaha nitalisema siku moja. Sikulisema. Naye sasa hayupo.

Ijumaa, Nthambi aliweka kile kigoda uani, na juu yake kiondo ambacho mama yake hakukimaliza. Tukiwa katika wimbo, bonge la uzi liliteleza, likabingirika chini ya mabenchi. Watu wazima tuliendelea kuimba. Titus, miaka tisa sasa, alipiga magoti, akapita katikati ya miguu ya watu, akalitoa. Akasimama mbele ya kigoda, akalinyoosha. Akangoja. Musembi, kaka wa marehemu, alitaka kulipokea, nami nikamzuia.

Titus alingoja mpaka akajua hakuna anayepokea. Kisha akalilaza kigodani, upande wa kushoto.

Kwa Nthambi, kwa mzee Musembi, na kwa ukoo mzima: poleni sana. Mungu awashike. Titus hasikii redio. Haya niliyoyasema nitamwambia nyumbani, kwa mikono.

Nanyi wasikilizaji wapendwa, kabla hujamwita mtoto mkaidi, angusha kitu chako mbele yake. Nyamaza. Mwangalie. Na kama kuna mtu aliyekuona ukikosea akakuambia ukweli, na bado anapumua, usipange maneno. Nenda.