Papa Ambroise Muhindo, Aliyekataa Kutia Sahihi

Ndugu wa familia, wanafunzi, majirani wa Lubunga na ninyi mliovuka mto kutoka Makiso, mimi ni Larissa Katungu, mtoto wake wa kwanza, nimepewa kazi ya kuwasomea maisha ya papa. Tonton Évariste, mdogo wake, aliniomba niruke mambo mawili ili tusigombane na wakubwa, alors, samahani tonton, siruki hata moja.

Ambroise Muhindo alizaliwa Banalia tarehe 9 Machi 1958, baba yake akiuza vitambaa na chumvi, akasoma shule ya msingi hukohuko, sekondari hapa Kisangani, kisha usanifu wa majengo Kinshasa, alikopata diploma Julai 1983. Tarehe 2 Februari 1984 aliingia ofisi moja ya ujenzi kule Makiso, na tarehe 17 Agosti 1985 akamwoa mama yetu, Emérence, wakajaliwa watoto wanne, wote tuko mbele yenu.

Jambo la kwanza: papa hakuacha kazi kwa hiari, alifukuzwa, tarehe 3 Juni 1991, kwa sababu alikataa kutia sahihi kwenye plani ya jumba lenye nguzo nyembamba, chuma kimepunguzwa, mkubwa wa ofisi alipomwamuru kwa barua akawaambia kwamba mvua haisomi barua ya mkubwa. Mwingine akatia sahihi, mwaka uliofuata paa likaanguka, Mungu asifiwe hakukuwa na mtu ndani, na hakuna aliyekuja kumwomba papa msamaha, hata leo.

Oktoba 1993 akafungua shule hii ya sanaa katika parseli yake, kiwanja alichokinunua mwenyewe, na mtihani wake wa kuingia mnaujua, utengeneze nyumba ya karatoni kule Makiso, uivushe kwa mtumbwi, ikifika imevunjika unarudi kuanza upya. Mimi nilivuka mara nne, nikalia, binti ya mkurugenzi!

Jambo la pili: tarehe 20 Januari mwaka huu wa 2025, siku nne baada ya papa kupooza upande wa kulia, watu walikuja na rangi nyekundu, wakachora misalaba kwenye kuta za shule, eti parseli si yake, eti itabomolewa, wakati hati iko, mihuri iko, walingoja mkono wa kuandikia ufe ndipo waje, aibu gani hii! Papa aliomba penseli, akaandika kwa mkono wa kushoto, herufi za mutoto wa primaire, kwamba anakataa, akatia sahihi. Alifariki tarehe 11 Februari, saa nne asubuhi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliopika, walimu wenzake, na wenye mitumbwi waliowavusha wafiwa bure. Ninyi wa rangi nyekundu, najua mmoja wenu yuko hapa, karibu, chakula kipo. Jumatatu saa moja na nusu tunafundisha, mkurugenzi ni mimi, na atakayekuja kubomoa atatukuta ndani.

Papa, mkono wako umechoka, pumzika kwa amani, sisi bado tunakataa.