Ujumbe Nilioufuta

Ndugu zangu, Bwana na asifiwe, hata na mtu aliyechelewa kusema kweli!

Wengi mnanijua. Niliishia darasa la saba. Mengine nimejifundisha kwa vitabu vya kuazima, na hapa Mgwashi mtu akipata fomu ngumu huniletea mimi. Ninasoma kila mstari mara mbili kabla ya kushika kalamu. Ndugu zangu, hilo ndilo lililokuwa jivuno langu, na nusura limnyime mwanangu chuo.

Binti yangu Aneth alimaliza kidato cha sita akafaulu sana masomo ya sayansi. Jina lake likatokea kwenye orodha ya wanaostahili kusomeshwa na serikali, ada yote, bila mkopo. Sharti ni kwamba awe na nafasi chuoni. Vyuo viwili vilimpokea, hivyo alitakiwa kuthibitisha kimoja kabla ya siku ya mwisho, kwa namba ya siri ambayo ingetumwa kwenye simu. Alitaka kujaza namba ya simu yake kwenye fomu. Nilimkatalia, nikasema mambo ya ofisi yanataka mtu mzima. Nikajaza yangu.

Nikiwa kilimani, mahali mtandao unapopatikana, ujumbe ukaingia. Tarakimu nisizozielewa, maneno machache ya haraka. Nikasema moyoni, hawa ni matapeli, wamesikia binti wa watu amefaulu. Nikaufuta. Nikarudi nyumbani nikatangaza kwamba wezi wamenikuta macho. Mke wangu akacheka, akauliza ni mwizi gani atapanda milima yote hii kumtafuta mtu asiye na kitu.

Kesho yake nilisoma maelekezo upya. Nikaelewa nilichokifuta.

Ndugu zangu, sikusema! Siku mbili nilipanda kilima kile na kushuka, asubuhi na alasiri, nikingoja ujumbe urudi wenyewe. Aneth alipouliza kama namba imefika, nilimjibu kwamba ofisi hazina haraka. Nilimwomba Mungu alifiche kosa langu. Niliomba kwa machozi, na sikupata amani hata kidogo.

Siku ya mwisho ilitukuta shambani tukichuma chai. Niliomba tena, na safari hii nikakosa maneno ya kujitetea mbele za Mungu. Nikatua kikapu.

"Mwanangu, ujumbe ulikuja. Mimi ndiye niliyeufuta."

Alinitazama. "Yule tapeli, baba?"

"Ndiye huyo."

"Naomba simu, baba."

Alikimbia kilimani, mimi nyuma nikihema. Aliingia kwenye akaunti yake, akaomba namba nyingine. Mtandao ukakatika mara tatu. Nilitaka kumwelekeza, lakini Bwana alinifunga mdomo. Namba ikaja jua likiwa bado lipo, akathibitisha nafasi yake.

Sasa yuko mwaka wa kwanza, anasomea uhandisi wa maji, na ada inalipwa na serikali. Siwadanganyi kwamba nimetulia. Simu ikilia, moyo bado unaruka. Lakini nimefunguliwa kutoka katika hofu ya kuonekana nimekosea, na aliyenifungua ni Yesu. Ahsante, Bwana!

Na wewe uliyeketi hapo, mwenye neno ambalo watu wa nyumbani kwako hawajaambiwa, mtegemee yeye. Usingoje ibada iishe. Inuka uende sasa. Mwinjilisti hatakasirika, na sisi tutaendelea kuimba.