Sauti Aliyoingoja Marcella Wawira

Mama yetu Marcella Wawira alizaliwa tarehe 14 Aprili 1958 huko Kianjokoma, Embu, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Njoka na marehemu Mama Ruguru, wakulima wa chai, na wanaomkumbuka utotoni wanasema hakujua kunong'ona, hata siri aliisema kama anayemwita mtu ng'ambo ya mto.

Alisoma hapo nyumbani hadi darasa la saba mwaka 1972, akajifunza ushonaji mjini Embu, na mwaka 1978 akaja Meru, akafungua kibanda cha cherehani pale Makutano. Huko ndiko alikookoka, Jumapili ya Pasaka mwaka 1980, na tangu hapo hakuna mteja aliyepimwa suruali bila kuulizwa habari za roho yake. Wengine walizunguka nyuma ya maduka ili wasikutane naye, naye akawatokea huko huko nyuma, utepe wa kupimia ukiwa shingoni. Alikuwa akisema Mungu hakumwashia taa ili aifunike kwa gunia.

Tarehe 12 Disemba 1981 alifunga ndoa na Mzee Mithika wa Kibirichia, mkulima wa viazi, mtu mpole asiye na maneno mengi, na Mungu akawajalia watoto watatu, Makandi, Lennox na Angeline. Kwamba mzee anaamini, Wawira hakuwa na shaka hata kidogo, maana alimwona akivua kofia shambani kabla ya kuinua jembe, lakini mzee alishikilia kwamba imani ni ya moyoni, na mambo ya moyoni hayatangazwi. Basi mama alitamani jambo moja, zaidi ya nyumba ya mawe, zaidi ya ng'ombe wa gredi, kwamba siku moja amsikie mume wake akishuhudia mbele ya watu. Agosti 2011 mzee alikubali, mama akajishonea gauni jipya, akaalika majirani waje kula mukimo baada ya ibada, na kanisani mzee akasimama, akashukuru kwa mvua, akashukuru kwa mbegu ya viazi, akaketi. Mama alicheka pamoja na kanisa zima, lakini walipokuwa wakiosha vyombo alimwambia Makandi, "Mimi nilikuwa nangoja ataje Yesu tu, hata mara moja."

Juni 2023 alipatikana na saratani ya koo, akatibiwa Meru na Nairobi, na kufikia Krismasi iliyopita sauti ilikuwa imekwisha kabisa. Wageni walipokuja kumwombea aliwasalimu kwa mkono, kisha akamwonyesha mzee kwa kidole, amsemee, naye mzee akainamisha kichwa na kuomba kimya kimya, huku mama akiitazama midomo yake mpaka amina. Aliaga dunia asubuhi ya Jumanne, tarehe 4 Machi 2025, mkono wake ukiwa mkononi mwa mzee, na macho yake bado yakimtazama.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, akina mama wa ushirika waliolima shamba lake bila kuombwa, mafundi wenzake wa Makutano waliofunga vibanda leo, na jirani yetu Gachoki aliyetoa gari lake kila siku ya matibabu, usiku na mchana.

Salamu za Mzee Mithika zilikuwa zisomwe na ndugu yake, kama ilivyo desturi yetu ya kumsemea aliyefiwa, lakini leo asubuhi mzee amekataa kusemewa. Ameomba asimame mwenyewe kando ya jeneza, aseme kwa kinywa chake Yesu ni nani kwake, na inatuuma sana kwamba mama hatasikia. Pumzika, Mama Makandi, amani ya Bwana iwe nawe. Tafadhali mpisheni mzee apite, na mumpe maikrofoni.